Mahakamani walikatazwa kubadili nguo, barabarani wakavuliwa

Usiku wa Alhamisi, 3 Juni 1943, wanamaji wapatao 50 wa jeshi la Marekani walitoka kambini kwao mjini Los Angeles wakiwa na marungu na silaha nyingine za kujitengenezea. Walizunguka mitaa ya jirani, kisha wakaingia Carmen Theater, jumba la sinema. Picha ilikuwa inaendelea. Waliamuru taa ziwashwe, wakapita safu kwa safu wakikagua mavazi ya watu, wakiwasaka waliovaa suti pana za mtindo uliopendwa na vijana wa asili ya Meksiko. Miongoni mwa waliokamatwa usiku ule walikuwamo watoto wa miaka 12 na 13. Walipigwa, wakavuliwa makoti na suruali, na nguo zao zikararuliwa.

Kwa karibu wiki nzima tendo hilo likarudiwa mtaa hadi mtaa. Hakuna aliyeuawa, na nadhani ndiyo sababu kisa hiki husimuliwa kama kioja cha mitindo ya zamani. Mimi sikioni hivyo. Kwetu kumvua mtu nguo hadharani kuna neno lake: ni kumwadhiri. Aliyepigwa atarudi nyumbani aseme nimepigwa, aonyeshe na uvimbe. Aliyevuliwa nguo mbele ya umati haonyeshi kitu. Anatafuta pa kujificha. Anayeamua kumvua mwenzake, wakati angeweza kumpiga akaondoka zake, anajua anachokitaka. Nimesoma sababu zilizotolewa wakati ule, za kitambaa cha vita, za uhuni, za ugomvi juu ya wanawake, na kila moja naipima kwa swali hilo: kwa nini walivuliwa?

Suti yenyewe

Iliitwa zuti. Koti lake lilishuka hadi karibu na magoti, mabega mapana yamejazwa pedi, kiuno kimebanwa. Suruali ilipanda juu hadi mbavuni, ikamwagika kwa marinda na kujaa upepo magotini, kisha ikabanwa ghafla kwenye kifundo cha mguu. Kichwani kofia pana, nyingine na unyoya. Mnyororo wa saa ulining'inia kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Viatu vya soli nene, nywele ndefu zilizopakwa mafuta na kuchanwa kurudi nyuma zikutane kisogoni mfano wa mkia wa bata.

Malcolm Little, kijana ambaye dunia ingemjua baadaye kwa jina la Malcolm X, alinunua zuti yake ya kwanza Boston, kwa mkopo. Suruali ilikuwa rangi ya samawati, goti inchi 30, mguuni inchi 12. Fundi yeyote wa Kariakoo ukimtajia vipimo hivyo atasimamisha cherehani akuulize kama hujakosea. Kutoka 30 kwenda 12 ndani ya urefu wa muundi mmoja! Nguo ya namna hiyo mtu haivai kwa bahati mbaya. Ameamua, na ameanza kuilipia kabla mshahara haujaingia.

Mtindo ulianzia kwa vijana Weusi katika kumbi za jazi za Harlem, mtaa wa New York, na za Chicago na Detroit, miaka ya 1930. Mwanamuziki wa jazi Cab Calloway aliivaa jukwaani, na vijana wakaipeleka magharibi hadi Kalifonia, ikaangukia kwa Wafilipino na zaidi kwa vijana wa asili ya Meksiko. Hao wa Meksiko waliovaa zuti waliitwa mapachuko. Walikuwa na lugha yao, Caló, iliyochanganya Kihispania cha mtaani, Kiingereza na maneno ya kale, ambayo mama nyumbani hakuielewa vizuri na mwalimu shuleni hakuielewa kabisa. Msomaji wa Nairobi aliyekulia kwenye Sheng hahitaji kuelezwa zaidi. Suti wenyewe waliita tacuche, kofia tando, viatu calcos.

Wengi wao walikuwa raia wa Marekani, wamezaliwa huko huko. Uraia huo ulikuwa na mipaka yake. Katika miaka ya 1930, mdororo wa uchumi ulipobana, watu laki kadhaa wa asili ya Meksiko walirudishwa au kusukumwa warudi Meksiko, na ndani yao walikuwamo watoto wengi waliozaliwa Marekani. Waliobaki walikaa viti vyao vya pembeni katika baadhi ya sinema. Pale Pasadena, karibu na Los Angeles, kulikuwa na bwawa la kuogelea la umma, Brookside, ambalo wasiokuwa Wazungu waliruhusiwa kuingia siku moja tu kwa wiki. Siku hiyo ikiisha, maji yalimwagwa, bwawa likasuguliwa, yakajazwa mengine.

Hapo kwenye maji nimekwama muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Mtoto anatoka majini jioni, anakausha nywele, na anajua kwamba nyuma yake watu wazima wanafungua bomba ili maji yaliyogusa mwili wake yaende mtaroni. Akifika miaka 17, viwanda vya vita vimefunguliwa, kwa mara ya kwanza ana pesa yake mfukoni. Atanunua nguo ya kumfanya asionekane? Alinunua koti la kumwongezea mabega. Mji uliomtaka apite pembeni amejikunyata, yeye akaujia katikati ya barabara akiwa mpana maradufu.

Kwenye pwani yetu jambo hili lina historia. Watumwa wa Unguja walivishwa merikani na kaniki, na baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897 wanawake waliokuwa watumwa waliikimbilia kanga yenye rangi na maua, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Kila mtu mjini alielewa maana ya kuitupa kaniki, wakiwamo waliochukia kuona imetupwa.

Sisemi kila kijana wa East Los Angeles aliivaa zuti kwa siasa. Wengi walitaka kupendeza Jumamosi usiku na kucheza muziki, na suruali pana magotini inafaa sana kwa kucheza. Lakini mtu hahitaji kuwa na hotuba kichwani ili kifua chake kiseme mimi sijioni mdogo. Jirani asiyetaka kulisikia hilo ataliona kwenye koti tu.

Kitambaa cha vita

Machi 1942 Bodi ya Uzalishaji wa Vita iliweka masharti ya kupunguza kitambaa katika nguo kwa asilimia 26. Jeshi lilihitaji sufu. Suti za kiraia zikapunguzwa urefu, marinda na mapindo ya miguu yakapigwa marufuku. Zuti, kwa masharti hayo, ikawa nguo isiyoruhusiwa kutengenezwa. Mafundi wa Los Angeles na New York waliendelea kuishona kwa siri, na vijana wakaendelea kuivaa.

Kwa hiyo hoja ya uzalendo ilikuwa na mguu wa kusimamia, na sitaki kuipuuza. Mwanamaji wa miaka 19 anayesubiri kupelekwa Pasifiki, ambaye huenda asirudi, anamwona kijana wa rika lake amevaa yadi nyingi za sufu anazunguka mjini. Hasira hiyo naielewa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa wiki kadhaa wanamaji na vijana wa mitaa ya Chavez Ravine, ambako kambi ya mafunzo ilikuwa imepandwa katikati ya makazi ya watu wa asili ya Meksiko, walikuwa wakirushiana matusi na hata mawe, na tarehe 31 Mei mwanamaji mmoja aliumizwa vibaya. Na baadhi ya wavaa zuti walikuwa wahuni kweli, kama ambavyo kila mji una wahuni wake.

Hata hivyo hoja ya kitambaa inaanguka mara mbili. Kwanza, nguo zilizovuliwa hazikupelekwa popote kuwa blanketi za askari. Zilichanwa, nyingine zikachomwa moto pale pale barabarani. Hakuna anayeokoa sufu kwa kuichoma. Pili, kadiri siku zilivyokwenda, waliopigwa hawakuwa wavaa zuti peke yao. Vijana wa asili ya Meksiko waliovaa nguo za kawaida walishushwa kwenye tramu. Watu Weusi walipigwa, Wafilipino walipigwa. Kitambaa kilichotafutwa usiku ule kilikuwa ngozi.

Mahakamani kwanza

Miezi kumi kabla ya vurugu, Agosti 1942, kijana aitwaye José Díaz, mwenye miaka 22, alikutwa mahututi karibu na bwawa moja lililoitwa Sleepy Lagoon, akafariki. Polisi wakafanya msako, wakazoa vijana wapatao 600, karibu wote wa asili ya Meksiko. Kati yao 22 walishtakiwa kwa pamoja kwa mauaji.

Afisa wa ofisi ya sherifu, Edward Duran Ayres, aliwasilisha ripoti mbele ya baraza kuu la mashtaka. Alidai kwamba watu wa asili ya Meksiko, kwa damu yao ya wenyeji wa asili wa Amerika, wana tamaa ya kuzaliwa nayo ya kuua au angalau kumwaga damu, na akarudi nyuma hadi kafara za Waazteki, watu wa kale wa Meksiko, kuthibitisha. Maneno hayo yaliandikwa katika nchi iliyokuwa vitani na Hitler, yakapokelewa kama utaalamu.

Kesi ikaanza mbele ya Jaji Charles Fricke. Na hapa ndipo nguo inapoingia mahakamani. Upande wa mashtaka ulitaka washtakiwa wabaki jinsi walivyo, na kwa wiki za mwanzo hawakuruhusiwa kukata nywele, na nguo safi walizoletewa na mama zao zilizuiliwa. Vijana waliokwisha kukaa rumande wakaketi mbele ya wazee wa baraza wakiwa na nywele zilizotimka na nguo zilizochakaa, ili watazamwe na wachukiwe. Waliketishwa mbali na mawakili wao, wasiweze hata kunong'onezana nao. Januari 1943, 17 kati yao walitiwa hatiani, watatu kwa mauaji ya daraja la kwanza na kifungo cha maisha.

Tazama mambo haya mawili bega kwa bega. Oktoba 1942, kesi inapoanza, serikali inawakataza vijana kubadili nguo. Juni 1943, askari wa serikali hiyo hiyo wanawavua nguo kwa nguvu. Mahakamani nguo ilihitajika mwilini ili iwe ushahidi dhidi yao, barabarani ilihitajika chini ili iwe adhabu yao. Kitu kimoja hakikubadilika baina ya miezi hiyo: aliyekuwa na uamuzi juu ya mwili wa kijana yule hakuwa yeye. Nikilijibu swali langu la mwanzo, jibu langu ni hilo. Zuti ilikuwa tangazo la kijana kwamba mwili huu ni wangu na nitaupamba nipendavyo, na kumvua kulikuwa njia fupi kuliko zote ya kulifuta tangazo hilo mbele ya mashahidi.

Neno lililobadilishwa jina

Magazeti yalikuwa na sehemu yao, na kuna jambo dogo ndani yake ambalo linafaa kutazamwa kwa karibu. Meksiko ilikuwa mshirika wa Marekani vitani. Agosti 1942 nchi hizo mbili zilitiliana saini mpango wa kupeleka vibarua wa Kimeksiko katika mashamba ya Marekani, uliojulikana kama Bracero. Habari za kila siku za "uhalifu wa Wameksiko" ziliiaibisha Washington, na ofisi ya habari ya serikali ikayaomba magazeti ya Los Angeles yapunguze kulitumia neno hilo kwa namna hiyo. Yakapunguza. Badala yake yakaandika pachuko, yakaandika mvaa zuti, na habari zikabaki zile zile.

Ujanja huo una nguvu kuliko tusi la wazi. Ukiandika "Mmeksiko kaiba", ubalozi utalalamika. Ukiandika "mvaa zuti kaiba", hakuna wa kulalamika, kwa sababu umesema nguo tu. Msomaji anaelewa ni nani anayesemwa, na mwandishi ana pa kujificha. Wakati wanamaji wanaingia Carmen Theater, msamiati ulikuwa umekwisha andaliwa: unaweza kumwinda mtu kwa asili yake na ukaapa kwamba unawinda suruali.

Usiku wa mjini

Tarehe 4 Juni wanamaji wapatao 200 walikodi teksi 20 hivi wakaelekea East Los Angeles. Walipomwona kijana mwenye zuti, msafara ulisimama, wakashuka, wakampiga, wakamvua, wakapanda tena. Polisi walifuata nyuma. Wakifika, mara nyingi walimkamata aliyelala chini. Zaidi ya vijana 500 wa asili ya Meksiko walikamatwa katika siku hizo, kwa uzururaji au kuvunja amani. Magazeti yalishangilia, moja lilichapisha hata maelekezo ya namna ya kumvua mvaa zuti nguo zake na kuzichoma.

Kilele kilikuwa Jumatatu, 7 Juni. Watu kama 5,000, askari na raia, walijaa katikati ya jiji. Waliingia kwenye sinema, baa na tramu. Ipo picha iliyopigwa katika siku hizo na kuenea sana: vijana wawili wako chini barabarani, nguo zimechanwa, mmoja karibu uchi, na watu wamewazunguka wanatazama. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na macho yangu huishia kwa watazamaji. Hakuna anayevua koti lake kumfunika mtu. Kwetu hata mwizi aliyepigwa hutupiwa khanga na mama mmoja mpita njia, kwa sababu sitara ya binadamu haingoji hukumu.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 wakuu wa jeshi waliwapiga marufuku askari kuingia katikati ya jiji, na vurugu zikapungua mara moja. Waliweza kuzizima kwa amri moja ya karatasi, na waliitoa siku ya tano.

Tarehe 9 Juni Halmashauri ya Jiji la Los Angeles ilikutana. Ilipitisha azimio la kupiga marufuku zuti. Halikufika kuwa sheria, lakini lisome kama lilivyo: baada ya watu kupigwa kwa kuvaa nguo fulani, wakubwa wa mji walikaa kikao, wakaona la kushughulikiwa ni nguo.

Wiki moja baadaye Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alisema hadharani kwamba suala hili linakwenda ndani zaidi ya suti, kwamba ni upinzani wa kirangi, na kwamba alikuwa na wasiwasi wa muda mrefu juu ya hali ya watu wa asili ya Meksiko. Los Angeles Times lilimjia juu, likamshutumu kwa kuchochea mfarakano wa rangi na kuyafananisha maneno yake na ya wakomunisti. Gavana Earl Warren aliunda kamati chini ya Askofu Joseph McGucken, nayo ikaona kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa chanzo kikubwa, na ikayanyooshea kidole magazeti. Meya Fletcher Bowron aliendelea kushikilia kwamba rangi haikuhusika.

Wakati huo huo laki kadhaa za Wamarekani wa asili ya Meksiko walikuwa wamevaa sare za jeshi, wakipigana Pasifiki, na baadaye Ulaya. Kijana mmoja aliyeipenda zuti katika miaka hiyo, César Chávez, alijiunga na jeshi la majini lile lile mwaka 1946, na miaka ya 1960 akawa kiongozi wa vibarua wa mashambani wa Kalifonia.

Wasichana

Kisa hiki husimuliwa kama cha wavulana. Mapachuka, wasichana wavaa zuti, walikuwapo. Walivaa sketi fupi zilizoishia juu ya magoti, makoti marefu ya kiume, midomo iliyokolezwa rangi nzito, nywele zimetunishwa juu ya paji la uso. Magazeti yalidai wanaficha nyembe ndani ya nywele hizo. Wao walimchukiza kila mtu kwa wakati mmoja: Wazungu kwa kuwa wa asili ya Meksiko, na wazee wao wenyewe kwa kuwa mabinti waliokataa kutulia. Mvulana akivaa zuti, baba aligomba. Binti akivaa koti la zuti, ukoo mzima uliona umeadhirika.

Katika kesi ya Sleepy Lagoon, wasichana kadhaa walikamatwa pamoja na wavulana. Waliitwa mashahidi, na baadhi yao hawakukubali kusema yale ambayo mashtaka yalitaka wayaseme. Walipelekwa Ventura, shule ya serikali ya kurekebisha tabia za wasichana iliyojulikana kwa ukali wake, bila kesi ya jinai.

Kwa wavulana ilipiganwa. Kamati ya utetezi iliundwa, mwandishi na mwanasheria Carey McWilliams akaiongoza, Alice McGrath akawatembelea gerezani na kukusanya michango. Oktoba 1944 mahakama ya rufaa ilizifuta hukumu zote, kwa kukosekana ushahidi, kwa mwenendo wa jaji na kwa jinsi washtakiwa walivyotenganishwa na mawakili wao. Wakatoka, watu wakawapokea kwa shangwe.

Rufaa ile haikuwagusa wasichana wa Ventura. Hapakuwa na hukumu ya kukatia rufaa. Baadhi yao walibaki chini ya uangalizi wa serikali wakati wavulana wamekwisha kurudi majumbani.